Makaburi Yaliyofagiwa

Mama yangu ana sahani tano za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu na ua moja jekundu katikati. Marehemu baba alizinunua zikiwa sita, mwaka waliooana, na mpaka leo, hapa Katuba, mjini Lubumbashi, mama hali bukari, ugali wetu, katika sahani nyingine yoyote. Akisafiri anabeba ya kwake kwenye kikapu, imeviringishwa kwenye kitenge, hata kama anakwenda kulala kwa mtu usiku mmoja tu. Nimemtania sana kwa hilo. Niliwahi pia kumwambia nimtafutie ya sita sokoni, maana ziko zinazofanana nazo kabisa, naye akanikata kauli kama nimemtukana: "Ya sita iko ku mugini. Hii seti haikosi kintu." Nikachukulia kwamba aliisahau kwa bibi zamani, na kwamba bibi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kurudisha vyombo vya watu.

Mugini kwetu, yaani kijijini, ni kijiji cha parokia, njia ya Lukafu. Mapadri wa kwanza walikuta pale udongo mzuri wa matofali na maji karibu, hawakutaka zaidi ya hayo. Walichimba, wakachoma matofali, wakajenga kanisa, na shimo walilochimba likajaa mvua likawa bwawa. Bata wa katekista wanaogelea leo mahali zilipotoka kuta za kanisa. Kisha wakapanga nyumba kwa mistari miwili inayotazamana, wakapanda mikalitusi njiani, wakaweka makaburi nyuma ya kanisa, upande linapochomoza jua. Babu yangu alitoka upande wa Mitwaba, akafanya kazi ya reli tangu ujana mpaka alipostaafu, akaja kuishi pale kwa sababu, alisema, alitaka mahali ambapo hatasikia chuma tena. Kumbe kengele ya kanisa ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na mapadri wakampa yeye kazi ya kukigonga. Alilalamika mpaka siku ya kufa kwake, lakini hakumwachia mtu mwingine nyundo.

Mapadri waliondoka zamani. Padri mgeni huja mara moja moja barabara ikipitika, na siku nyingine zote parokia ni katekista. Ni mzee mwembamba, mkali, anayejua kila mtu amekosa misa mara ngapi. Mimi na yeye hatujawahi kuelewana vizuri, kwa sababu mimi pia si mtu wa subira, na nimekosa misa nyingi.

Ndiye aliyenipigia simu. Nilikuwa kwenye cherehani, nina rundo la sare za shule za kumaliza, na alianza bila salamu, jambo lililonitia hofu mara moja.

"Bantu ba commission banakuya jeudi. Banasema banataka kuona malalo na macho yabo. Ambia mama akuye."

Malalo ni makaburi, na jeudi ni Alhamisi. Nilijua anachosema, kwa sababu habari ile ilikuwa imetunyima usingizi tangu mvua ziishe. Ng'ambo ya kilima palikuwa pamefunguliwa mgodi, na wenye mgodi walitaka barabara ya malori. Mstari waliouchora ulipita nyuma ya kanisa, juu ya makaburi yetu. Baada ya kelele nyingi walikubali kutuma mtu kuangalia. Kama makaburi ni ya kweli na ya zamani, barabara ingezunguka nyuma ya bwawa. Kama si hivyo, ingenyooka, na babu, bibi na dada yangu wangelala chini ya magurudumu.

Dada yangu simjui. Alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, akiwa ameanza tu kula mwenyewe bila kulishwa. Mama hamtaji. Lakini kila tunapofika kijijini, kabla ya kumsalimu mtu yeyote, anapita nyuma ya kanisa na kusimama kwake kwanza.

Safari hii pia alifanya hivyo, nikamfuata na mizigo. Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali, na makaburi yalikuwa kama nilivyoyazoea: majani yanafika kiunoni, vifusi vimezama, misalaba ya mbao imeinama huku na huku, mingine imeliwa na mchwa imebaki kijiti. Mimi sikuona ubaya. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ee Mungu! Bageni bakute bantu yetu mu majani hivi, sawa bantu benye habana batoto?"

Lazima nieleze jambo hili, maana mtu wa kwingine anaweza kutucheka. Kwetu mgeni anapokelewa kwenye ardhi iliyofagiwa. Ukiona uwanja mwekundu, mtupu, wenye mistari ya ufagio, unajua umeheshimiwa. Ukikuta majani, umeambiwa bila maneno kwamba hukutakiwa. Kwa hiyo mama aliita akina mama wa kijiji, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini. Walikuja na majembe na mafagio ya matawi. Wakang'oa majani, wakasawazisha udongo, wakafagia mpaka mahali pote pakawa safi kama ua wa nyumba.

Ilibaki misalaba. Ukiigusa inavunjika. Sasa, msalaba uliobarikiwa hautupwi vichakani wala haupikiwi ugali. Unachomwa kwa heshima. Katekista mwenyewe alileta moto, akasali sala ndefu, akaichoma yote mahali pamoja, na akina mama wakaimba. Halafu vijana wakakata miti ya mikalitusi, wakafunga misalaba mipya, na mimi nikapewa ndoo ya chokaa. Niliipaka mpaka vidole vikachubuka. Jioni tulisimama kwenye mlango wa nyuma wa kanisa tukitazama kazi yetu, misalaba myeupe imepangana juu ya udongo mwekundu, na nakiri nilijisikia vizuri sana. Katekista alinipongeza, jambo ambalo halijatokea tena.

Alhamisi gari lilikuja asubuhi. Alishuka mwanamume mmoja, injinia, ana kofia ngumu nyeupe na buti zilizojaa vumbi. Dereva alibaki ndani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alitusalimu vizuri, mikono miwili kwa wazee, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Mtu wa hapa hapa. Hilo lilinipa matumaini.

Alipofika nyuma ya kanisa alisimama. Akasogea kwenye msalaba wa kwanza, akaugusa kwa kidole, akatazama kidole chake. Kilikuwa cheupe.

"Papa, malalo ya zamani, njo hii?"

"Njo hii," katekista alijibu. "Tangu wakati ya mapadri ba kwanza."

"Hii rangi haiyakauka." Akachuchumaa, akashika udongo, ukamponyoka vidoleni, laini, uliolimwa juzi. "Na misalaba ya zamani iko wapi?"

"Tuliichoma."

"Muliichoma."

"Ni kintu ya baraka. Habatupake mu majani."

Injinia alimtazama katekista, kisha akatutazama sisi sote, na hapo ndipo nilipoona tulichofanya. Tulikuwa tumefagia kila kitu ambacho kingetusemea. Mchwa walikuwa mashahidi, majani yalikuwa mashahidi, vifusi vilivyozama vilikuwa mashahidi, nasi tumewang'oa wote kwa heshima ya mgeni. Nilimtazama mama, naye alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Na bitabu ya parokia?" injinia aliuliza.

"Mapadri balienda nabyo."

Alivua miwani akafuta vumbi, polepole, kama mtu asiyetaka kusema anachopaswa kusema. "Papa, mi minakuamini. Mais siwezi kupiga photo ya majivu. Mu mugini ingine balitutengenezea malalo ya uongo. Misalaba mupya, chokaa mupya, sawa hii. Tulichimba, hatukukuta muntu. Sasa patron, mukubwa yangu, ataniuliza: ile na hii, tofauti ni nini?"

"Tofauti ni hii: mule iko dada yangu!" nilipiga kelele. Nilimwambia na mengine, ambayo siyaandiki. Katekista alinishika mkono ninyamaze, nikaukung'uta.

Injinia hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Unionyeshe basi, mama," aliniambia. "Unionyeshe kintu."

Sikuwa na kitu. Alipiga picha ya misalaba, moja, mbili, akarudisha simu mfukoni na kuanza kutembea kuelekea gari. Katekista alimfuata akieleza habari za mapadri na matofali na bwawa, sauti inampanda, na injinia anaitikia kwa kichwa bila kupunguza mwendo.

Nyuma yangu niliona jambo geni. Akina mama wazee, wale wa rika la mama, walikuwa wanatazamana. Mmoja alimwambia mama neno la Kiluba, chini chini. Mama akatikisa kichwa kukataa. Yule akarudia. Mama akafumba macho.

Dereva aliwasha gari.

"Ngoja, mutoto yangu," mama aliita. "Usiende."

Injinia aligeuka. Mama alikwenda kusimama mbele yake, mdogo, kitenge kimejaa vumbi la kufagia, na akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

"Chini ya kila musalaba iko sahani."

Alieleza kwa kifupi. Zamani, kabla ya mapadri, marehemu aliwekewa juu ya kaburi sahani aliyokuwa akilia, imetobolewa katikati ili walio hai wasiitumie. Mapadri walikataza. Walisema Mkristo anatosheka na msalaba. Akina mama wakasema ndiyo, padri. Halafu, kila baada ya maziko, watu wakishaondoka, mama mmoja au wawili walibaki nyuma na kuizika sahani upande wa kichwa, si mbali, kina cha mkono mpaka kiwiko. Hawakuwaambia waume zao. Hawakuwaambia mapadri. Na hawakumwambia katekista.

Uso wa katekista ulibadilika. "Mama! Munafanyaka vile? Mu parokia yangu?"

"Hata ya mama yako iko," mama alimjibu. "Njo mi niliiweka."

Mzee aligeuka, akautafuta kwa macho msalaba wa mama yake.

"Basi, mama," injinia alisema kwa upole, "unionyeshe moja."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Sahani ikishawekwa haiguswi. Ukiitoa, umemnyang'anya marehemu chakula mkononi. Na hakuna anayeweza kumtoa marehemu wa mwenzake. Akina mama walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja anaogopa kuitwa. Mama hakumwita mtu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kaburi dogo kuliko yote, akapiga magoti.

Nilimkimbilia. "Mama, hapana. Si hii. Chukua ya bibi."

"Ya mama yangu siwezi. Mama atanikasirikia." Alikuwa tayari anaondoa udongo kwa mikono. "Huyu mutoto hajue kukasirika."

Alichimba. Nilipiga magoti upande wa pili nikamsaidia, na hakunizuia. Udongo wa juu ulitoka kwa urahisi kwa kuwa tuliulima wenyewe, kisha ukawa mgumu. Tulifika kiwiko. Hakuna kitu. Tulipanua shimo, tukapita kiwiko. Hakuna kitu. Mama alisimamisha mikono, akatazama msalaba, akatazama kanisa, akatazama msalaba tena, na nikaona hofu ambayo sijawahi kuiona kwake hata baba alipokufa. Tulipong'oa msalaba wa zamani tulisawazisha kwanza, ndipo tukaweka mpya. Nani alikuwa na hakika tumeusimamisha palepale? Mama alikuwa amefagia kaburi la mtoto wake mpaka hajui liko wapi.

Injinia alitazama jua.

"Ilikuwa ku usawa ya ile dirisha," mama alinong'ona. "Nilikuwa nasimamaka hapa, naona ile dirisha." Alisimama, akarudi nyuma hatua, akasogea kulia, macho hayaondoki kwenye dirisha la sakristia. Akapiga magoti tena mahali palipokuwa patupu kabisa, pasipo alama, pana mistari ya ufagio tu. Akachimba. Kucha moja ilikatika, hakusimama. Mimi nilikuwa nasali, mimi niliyekosa misa nyingi.

Ukasikika mkwaruzo wa kucha kwenye bati.

Mama hakuivuta. Aliizungushia vidole polepole, akiondoa udongo pembeni. Ulitokea kwanza ukingo. Kutu ilikuwa imeula sana, lakini pale alipousugua kwa kitenge palibaki rangi ya buluu, na mimi niliijua ile buluu. Nimekula bukari juu yake maisha yangu yote. Nililia palepale, kwa sauti, mbele ya katekista na watu wote, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa na sahani yake katika nyumba yetu kabla sijawa na yangu.

Haikutoka. Kitu kiliishikilia chini. Injinia alichuchumaa kando yetu, akavua kofia yake, akasaidia kupuliza vumbi. Katikati, pale palipokuwa na ua jekundu, palikuwa na tundu, na katika tundu ulipita mzizi. Uliingia ukiwa mwembamba, miaka hiyo, ukanenepa mpaka ukaliziba tundu lote na kuumuka juu na chini yake, unene wa kidole gumba. Hakuna mtu angeweza kuupitisha pale. Ulikuwa umejipitisha wenyewe, bila haraka.

Injinia aliupiga picha mara nyingi. Aliposimama aliona kwamba akina mama wengine walikuwa wameshapiga magoti, kila mmoja kwenye kaburi la wake, mikono udongoni.

"Inatosha, bamama," alisema haraka. "Muache. Inatosha." Kisha akamgeukia katekista. "Route itapita nyuma ya bwawa. Mi mwenyewe nitaandika vile."

Na ndivyo ilivyokuwa. Malori yanapita nyuma ya bwawa sasa, bata wa katekista wamekuwa wekundu kwa vumbi, na analalamika kila ninapompigia simu.

Lakini siku ile, gari lilipoondoka, mama hakufurahi pamoja nasi. Alikuwa amekaa chini, sahani mapajani. Injinia alikuwa ametuachia kisu chake, na mama alikuwa amekata mzizi na kuitoa, maana ilikuwa imekwisha kuguswa. Nilimwambia tuirudishe sasa, yamekwisha. Akatikisa kichwa. Kilichotolewa mkononi mwa marehemu hakirudi vile vile, aliniambia. Ukikirudisha unamfanyia mchezo.

"Leta kikapu yangu."

Nilikileta. Alitoa kitenge, akakifungua, akatoa sahani yake, ile anayobeba kila mahali. Akaishika muda mrefu. Nilielewa anachotaka kufanya. Ilihitaji msumari na nyundo, na aliyevileta, bila kuombwa, ni katekista. Nyundo ilikuwa ile ya kengele. Aliiweka sahani juu ya jiwe, akatoboa ua kwa mapigo machache, akampa mama bila kumtazama usoni. Mama akaizika mwenyewe. Tulisimamisha msalaba juu yake, safari hii kwa usawa wa dirisha.

"Na wewe sasa utakulia mu nini?" nilimuuliza tukirudi.

Alikuwa amebeba ile ya kutu kifuani.

Sahani bado ni tano. Alitoa kipande cha mzizi kwenye tundu, akaisugua ile ya kutu kwa majivu na mchanga siku nzima, hapa uani kwetu, mpaka ua likaonekana nusu yake. Majirani wanashangaa kumwona akila humo, na wageni nawaambia tu kwamba mama ana mambo yake. Nilimwomba anunue nyingine, au achukue yangu. Alikataa. "Siku yangu, munaniwekea hii," alisema. "Tundu iko tayari."

Kwa hiyo kila jioni ninampakulia bukari kwanza, naye anaitua juu ya tundu na kuibonyeza kwa vidole iwe imara. Ndipo ananiambia nimwagie mboga. Siku nyingine mchuzi unapenya na kumdondokea kwenye kitenge, naye anasogeza bukari kidogo, anaendelea kula.